Naomba ushauri: edita inanimalizia kodi kwa maneno ya ovyo

Kitasa_Wazi: Wakuu heshima kwenu. Natumia edita ya Neovim na clangd (seva ya lugha, yaani programu inayoisoma C na kuiambia edita imalizie nini), mradi wa C. Nikiandika `GPIOA->` orodha inafunguka, ila ni takataka: neno kutoka kwenye komenti, jina la variabo ya faili jingine, mara mojamoja `ODR`, ninayoitaka, inachomoza. Nimeongeza plagini ya tatu ya umaliziaji, ndiyo kwanza imezidi. Nihame edita au nilipie AI? Keshokutwa nakabidhi kazi.

bibi_semikoloni: Nimeingia mbio nikidhani ni kodi ya nyumba. Lipia AI, ulale.

Mzizi_wa_Pointa: AI naye atakisia, mwache kwanza. clangd inasoma faili kama kompaila inavyosoma, hivyo inahitaji flagi zilezile za `-I` (heda ziko folda gani) na `-D` (majina yanayochagua sehemu za kodi). Inazitafuta kwenye `compile_commands.json`, orodha ya amri za kukompaili kila faili, ama katika folda la faili na yaliyo juu yake, ama ndani ya `build`. Unayo? Unajenga kwa zana gani?

Kitasa_Wazi: Sina. Ni Make tu. Ila nimeshaanza kuandika njia za heda kwa mkono kwenye `.clangd`, faili la mipangilio yake, nimefika ya 17. Siwezi kuacha sasa.

mzee_wa_tags: Vijana mnajitesa. `ctags -R .` iorodheshe majina yote ya kwenye kodi, na mambo yameisha.

Mzizi_wa_Pointa: Mzee wangu, ctags haijui `#ifdef` (sharti la kuingiza kodi) ipi imepita. Kitasa, mistari myekundu ya makosa inasemaje?

Kitasa_Wazi: Niliizima. Ilijaza skrini, na kodi inakompaili vizuri tu.

bibi_semikoloni: Mgonjwa kaficha homa, anaomba dawa!

Mzizi_wa_Pointa: Endesha `clangd --check=Src/main.c`, bandika kosa la kwanza.

Kitasa_Wazi: "Please select first the target STM32F1xx device used in your application". Sikutaja kwamba ni kodi ya chipu ya STM32F103, kompaila ni `arm-none-eabi-gcc`. Sikuona kama inahusu, C ni C.

Mzizi_wa_Pointa: Hapo ndipo penyewe. Makefile yako inapitisha `-DSTM32F103xB` na `-DUSE_HAL_DRIVER`. gcc inaziona, clangd haizioni. Bila ile ya kwanza, `stm32f1xx.h` haijui iingize heda ya chipu ipi, basi `GPIOA` haipo kabisa. Hata ufikishe njia 100, ni bure. Futa hizo 17, sakinisha Bear, inayokuandikia `compile_commands.json` kwa kuichungulia Make, kisha:

`make clean`
`bear -- make`

Usiruke `make clean`. Bear inarekodi amri zinazoendeshwa muda huo tu. Faili ambalo Make inaliruka kwa kuwa halijabadilika halitaingia kwenye json.

Nta_ya_Soda: Chai hii. Kama `GPIOA` haipo, `ODR` ilichomoza kutoka wapi? Jamaa katunga uzi apate laiki.

Kitasa_Wazi: Nitunge ili iweje mkuu? Nina picha ya skrini.

Mzizi_wa_Pointa: Swali zuri lakini. Plagini nyingi za umaliziaji huchanganya vyanzo: seva ya lugha, vijisehemu, na maneno yoyote yaliyomo kwenye mafaili yaliyofunguliwa. Seva ikikaa kimya, maneno matupu yanajaza orodha. Kitasa, ukiwa modi ya kuandika, weka kishale baada ya `GPIOA->` ubonyeze Ctrl-X Ctrl-O. Hapo anajibu clangd peke yake.

Kitasa_Wazi: "Pattern not found".

Nta_ya_Soda: Haya, nimemeza. Chai haina sukari.

Mzizi_wa_Pointa: Sasa fanya Bear, halafu kwenye amri inayowasha clangd ongeza `--query-driver=/usr/bin/arm-none-eabi-gcc`. clangd haiendeshi kompaila ya watu bila ruhusa, na bila kuiuliza haitajua `stdio.h` ya newlib (maktaba ya C ya kompaila hiyo) iko wapi. Njia lazima ifanane na ya kompaila yako. Hakikisha kwa `which`. Funga edita, fungua upya.

Kitasa_Wazi: Ctrl-X Ctrl-O imeleta saba: `BRR BSRR CRH CRL IDR LCKR ODR`. Saba tu, hakuna komenti! Plagini zile tatu nibaki nazo?

Mzizi_wa_Pointa: Moja. Chanzo cha maneno kishushe chini ya seva, au kianze baada ya herufi 4. Na rudisha mistari myekundu. Ukiongeza faili jipya la `.c`, `bear --append -- make` inatosha.

mzee_wa_tags: Hiyo `--append` hata ctags inayo.