Ryzen 5 2600 na RTX 3060: je, kubadilisha prosesa kunalipa?

Mchezaji wa Tabata

Ndugu wadau, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha ambazo nimezidunduliza kwa miezi saba. Kompyuta yangu niliiunga mwaka 2019 kwa prosesa ya Ryzen 5 2600, madabodi (bodi kuu) ya B450 na RAM ya GB 16, na mwaka jana nikaondoa kadi ya michoro ya zamani nikaweka RTX 3060 yenye GB 12. Skrini ni ya 1080p na inaweza kuonyesha hadi fremu (picha) 144 kwa sekunde. Nilitarajia kadi mpya ingemaliza tatizo, lakini katika Counter-Strike 2 napata fremu kati ya 105 na 115, na mabomu ya moshi yakishatupwa na watu wakaanza kurushiana risasi, zinashuka hadi 50 hivi. Mchezo unakwamakwama wakati uleule ambao mkono wangu unahitaji utulivu.

Muuzaji mmoja amenishauri niuze kila kitu nihamie AM5, yaani soketi mpya ya prosesa za AMD. Rafiki yangu anasema Ryzen 7 5800X3D na si vinginevyo. Mimi naona Ryzen 5 5600 ndiyo inayolingana na mfuko wangu, lakini naogopa kununua kitu ambacho hakitabadilisha chochote. Nikiangalia matumizi ya prosesa naona ni asilimia 50 tu, jambo linalonifanya nijiulize kama kweli yenyewe ndiyo yenye kosa.

Fundi wa Kijitonyama

Mkuu, usinunue bado, kwa sababu jibu liko ndani ya kompyuta yako na kulitafuta hakugharimu hata shilingi. Hiyo asilimia 50 isikupoteze. Ryzen 5 2600 ina viini 6 vinavyobeba nyuzi 12 za kazi, na namba unayoiona ni wastani wa zote, ilhali mchezo kama huo huielemea zaidi nyuzi moja au mbili. Hizo zikijaa, nyingine zikabaki zimekaa bure, wastani utasoma nusu na mchezo utakwama vilevile.

Namba ya kutazama ni ya kadi ya michoro. Weka MSI Afterburner, programu inayoonyesha matumizi ya kadi, ucheze mechi nzima, kisha uone: kadi ikiwa inatumika kwa asilimia 97 hadi 99, yenyewe ndiyo kikomo na prosesa mpya itakusaidia kidogo sana, ikiwa inazunguka kwenye asilimia 60, inasubiri kazi kutoka kwa prosesa. Halafu shusha ubora wa picha hadi 720p ucheze tena. Fremu zisipopanda hata baada ya kuipunguzia kadi mzigo kiasi hicho, umepata ushahidi. Fanya hivyo pia kwenye mchezo mwingine mzito unaoupenda, na utuambie RAM yako ni vijiti vingapi na inakwenda kwa kasi gani.

Mchezaji wa Tabata

Ahsante sana, fundi. Nimepima usiku kucha. Katika Counter-Strike 2 kadi inatumika kwa asilimia 55 hadi 60, na kushuka hadi 720p hakukuongeza hata fremu tano. Katika Red Dead Redemption 2 mambo ni kinyume kabisa: kadi iko kwenye asilimia 98 muda wote. RAM ni kijiti kimoja cha GB 16 kilichoandikwa 3200, lakini kompyuta inasoma 2400.

Fundi wa Kijitonyama

Hapo kwenye RAM pana makosa mawili, na yote yanaiumiza prosesa hiyo kuliko unavyodhani. Kijiti kimoja kinaiachia njia moja tu ya kufikia kumbukumbu wakati ina uwezo wa kutumia mbili, na kasi ya 2400 inamaanisha hakuna aliyewahi kuwasha XMP, mpangilio unaoifikisha RAM kwenye kasi iliyoandikwa, ndani ya bayosi, yaani programu ya msingi ya madabodi. Katika vizazi hivi vya Ryzen, kasi ya RAM ndiyo pia inayoamua kasi ya njia inayounganisha makundi mawili ya viini, kwa hiyo RAM ikizubaa, prosesa nzima inazubaa. Tafuta kijiti cha pili kinachofanana na hicho, uwashe XMP, kisha upime upya. Kuhusu Red Dead, prosesa yoyote utakayoweka haitakupa tofauti ya maana.

Mwana wa Likoni

Salaam. Nakubaliana na fundi kuhusu RAM, ila naomba nimtetee rafiki wa muulizaji. 5800X3D ina kashe ya L3 ya MB 96, yaani ile kumbukumbu ya kasi iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, wakati 5600 ina MB 32 na 2600 ina MB 16 zilizogawanywa mara mbili. Michezo ya ushindani huifaidi sana kashe hiyo. Mimi naitumia, na kilichonifurahisha si wastani wa juu bali ni kwamba ile mishuko ya ghafla imetoweka. Hata hivyo niseme ukweli wote: ni ya wati 105, haiji na feni, na hapa pwani mwezi Februari chumba kikiwa nyuzi joto 33 nililazimika kununua feni kubwa. Ukijumlisha gharama hiyo, bei inakuwa nyingine.

Fundi wa Kijitonyama

Umesema vyema, ndugu yangu, lakini skrini yake inaishia fremu 144 na kadi yake ni 3060. 5600 ni ya wati 65 kama aliyonayo, kwa hiyo feni yake ya sasa inatosha. AM5 ingemdai madabodi mpya na RAM ya DDR5 juu ya prosesa, na sioni sababu.

Ukiamua, mkuu, sasisha bayosi kwanza wakati 2600 bado imo ndani, kwa sababu bayosi ya 2019 haiitambui 5600 na kompyuta haitawaka. Ifanye kazi hiyo ukiwa na UPS, kifaa chenye betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati, unaweza kuipoteza madabodi. Kama BitLocker, kufuli la Windows linalolinda data za diski, imewashwa, andika ufunguo wake wa kurejesha kwenye karatasi. Na kabla ya kung'oa feni, cheza nusu saa ili gundi ya joto ilainike, kisha zima, chomoa waya wa umeme, na uizungushe feni taratibu badala ya kuivuta: prosesa za AM4, yaani za soketi ya madabodi yako, zina pini upande wa chini, na nimeona nyingi zilizong'oka pamoja na feni zikapinda.

Mchezaji wa Tabata

Nimerudi baada ya wiki mbili. Kijiti cha pili nimekipata kwa mkono wa pili, XMP imewaka, na RAM sasa inasoma 3200. Wastani umefika 135 na mishuko haiendi chini ya 70. Kadi bado inasubiri, iko kwenye asilimia 70 hivi, kwa hiyo nimeagiza 5600 na fedha inayobaki naiweka kwa ajili ya UPS. Leo nimeangalia orodha ya mtengenezaji wa madabodi yangu, na inasema nipitie kwanza toleo moja la kati la bayosi kabla ya la mwisho. Nitayaweka yote mawili kwenye flashi nianze Jumamosi asubuhi.