Mbung'o pori la Liwale: vitambaa vya bluu, na homa isiyo malaria

Mzinga_Matandu:
Habari wakuu. Kikundi cha wafuga nyuki, watu wanane, tunaingia pori la Liwale upande unaopakana na Hifadhi ya Nyerere, wiki mbili. Mbung'o huko ni wengi mno. Vile vitambaa vya bluu vyenye dawa hutengenezwaje? Na mtu akirudi na homa, kipimo cha malaria kikasema hana, tuanzie wapi?

Nzi_na_Ndorobo:
Mkuu, kitambaa kiwe na kimo cha mita 1 na upana wa mita 1.7, bluu iliyokolea na nyeusi. Bluu humvuta kutoka mbali, nyeusi humfanya atue. Kiloweke kwenye deltamethrini, dawa ya kuua wadudu, kwa kipimo cha kwenye lebo, kianike kivulini, kisha kitundike nusu mita juu ya ardhi, mahali pa wazi. Fyeka mita 3 kuzunguka. Nyasi zikikifunika hakina kazi tena, na jua likishapausha bluu ni vivyo hivyo. Pembeni weka chupa ya asetoni yenye tundu dogo kifunikoni na chupa ya mkojo wa ng'ombe uliochacha; harufu zake humvuta mbung'o.

Vinne kwa kilomita ya mraba vinatosha, kwani mbung'o hatagi mayai. Jike huzaa buu mmoja tu kila siku 9 au 10, naye hujifukia udongoni kivulini. Ukiua majike wachache kila siku, kizazi kinapungua. Ila wale walioko udongoni wataendelea kutoka kwa mwezi mzima au zaidi, kwa hiyo wiki mbili hamtaona nafuu kubwa.

Asali_Mbichi:
Samahani, hapo pana hatari. Deltamethrini inaua nyuki! Msitundike karibu na mizinga kabisa. Kwa safari fupi tegemeeni nguo: nzito, mikono mirefu, rangi ya kaki. Nyembamba anaitoboa. Bluu na nyeusi acheni nyumbani, na nyuki nao hukasirishwa na nguo nyeusi. Mkiwa garini fungeni vioo, maana mbung'o hufukuza kitu kinachotembea. Mafuta ya kuzuia mbu msiyategemee.

Darubini40:
Nijibu la homa, ndilo linaloua watu. Kipimo cha haraka cha malaria hakioni vimelea vya malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Vile vya haraka vya malale navyo ni vya aina ya Afrika Magharibi na Kati. Yetu ni rhodesiense, aina ya Afrika Mashariki, haimo. Ombeni damu isomwe kwa darubini. Tone bichi lisomwe papo hapo: kimelea kinapinda kama mnyoo na kusukumasukuma chembe nyekundu, hata kabla hujakiona chenyewe. Likikaa saa kadhaa kinakufa, hakichezi tena. Damu ikizungushwa kwenye mrija mwembamba, tazameni utando wa chembe nyeupe.

Homa huanza kati ya wiki 1 na 3. Mara nyingi palipoumwa panavimba na kuwa pekundu, tezi nazo zinavimba. Aina hii haikawii kuingia kwenye ubongo. Bila tiba huua ndani ya miezi.

Mzinga_Matandu:
Na dawa ipo?

Darubini40:
Ipo. Tangu 2024 WHO inapendekeza feksinidazoli, vidonge vya siku 10, kwa hatua zote mbili (kabla na baada ya vimelea kuingia kwenye ubongo), kuanzia miaka 6 na kilo 20. Lazima vimezwe baada ya kula chakula cha kutosha, la sivyo dawa haifyonzwi vizuri. Mkifika zahanati semeni wenyewe, kabla hamjaulizwa: "Tumetoka pori lenye mbung'o."