Mrejesho: ile hofu ya kuwasilisha mbele ya wenzangu kazini

Wakuu, nimerudi. Niliwaomba ushauri kwa sababu kila nikisimama kuwasilisha ripoti sauti ilitetemeka, halafu najikuta naiga namna bosi wangu anavyoongea.

Jana niliwasilisha. Kilichonisaidia zaidi ni kuacha kukariri hotuba nzima: nilishika sentensi mbili za mwanzo tu, kisha hoja kuu. Nilifanya mazoezi nimesimama, kwa sauti, mara 5, nikijirekodi kwa simu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nameza maneno ya mwisho ya kila sentensi.

Kutazama ukuta wa nyuma hakukunifaa, nilijiona kama siongei na mtu. Nikamtazama mwenzangu mmoja aliyekuwa anaitikia kwa kichwa, nikatulia.

Maswali ndiyo yalinishinda. La kwanza nilibabaika vibaya. La pili nikasema wazi, "Hilo sina jibu lake sasa, nitakuletea kesho," na kikao kikaendelea vizuri tu.

Asanteni sana, hasa dada aliyesema niongee kama ninavyomweleza mwenzangu mezani. Safari hii ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Upande wa maswali bado naufanyia kazi.