Watoto wa Fundi Cherehani

Kitinda: Mko macho? Afadhali mama hayumo kwenye kundi hili.

Dada Mkubwa: Nipo. Sema.

Kitinda: Jumamosi mtoto anatimiza mwaka. Leo mama mkwe kaniambia, "Mama yako asijisumbue kuja, watakuwepo watu asiowazoea." Kwa upole kabisa, huku ananisogezea kiti.

Kaka: Asiowazoea ndiyo nini?

Kitinda: Unajua ndiyo nini. Juzi kanitambulisha kwa wageni wake, "Kwao ni watu wa hali ya chini, lakini kajitahidi." Na zile foronya mama alizomshonea, zenye ua jekundu pembeni? Nimeikuta moja imechanwa vipande viwili, wanapangusia jiko.

Dada Mkubwa: Zile alizoshona usiku, miwani imefungwa uzi?

Kitinda: Hizo hizo. Kipande chenye ua ninacho kwenye mkoba.

Kaka: Kesho naenda huko.

Mama Mdogo: Huendi popote. Ukifoka watasema "si tulisema hawana adabu", na atakayeumia ni mdogo wako. Kitinda, mumeo anasemaje?

Kitinda: Eti ndivyo mama yake alivyo, nivumilie.

Mama Mdogo: Hapo ndipo penye kazi. Mimi nilivumilia miaka 9. Nikabadili hata namna ya kuongea, nikiulizwa baba anafanya nini najibu "biashara". Babu yenu alikuwa akibeba mizigo, mnajua. Wala hawakuniheshimu, walizidi, maana waliona na mimi naona haya. Walinyamaza siku mume wangu alipomwambia mama yake, "Ukimdharau huyu unanidharau mimi niliyemchagua." Mkwe akisema huonekana mjeuri. Mtoto wa kumzaa akisema, mama husikia.

Kitinda: Niseme kitu, msinihukumu. Aliposema mama asije, moyo wangu ulitulia kidogo. Niliona wanavyomkagua viatu, nikasema bora asifike. Halafu nikajiuliza, namkinga mama au najikinga mimi?

Dada Mkubwa: Sikuhukumu. Nikiwa shule nilimwomba mama asiningoje getini. Akawa anasimama mbali, nyuma ya mti, mpaka anione nimetoka. Sijamwomba radhi mpaka leo.

Kaka: Dada, hili sikulijua.

Mama Mdogo: Basi msimwamulie. Amepokea wateja wa kila aina, wengine wanamrushia pesa mezani bila hata salamu. Mwelezeni kweli, aamue mwenyewe. Lakini mumeo aongee na mama yake kabla ya Jumamosi, wawili tu, wageni wasiwepo.

Kitinda: Ngojeni.

Kitinda: Nimemwamsha mume wangu. Nimemwekea kile kipande mkononi.

Dada Mkubwa: Kasemaje?

Kitinda: Kakaa nacho muda mrefu, anakigeuza geuza. Kisha kauliza, "Mama anajua?" Nikamwambia hajui. Kasema kesho alfajiri anakwenda kwao peke yake, na Jumamosi yeye ndiye atakayemfuata mama nyumbani.

Kaka: Aende kweli.

Kitinda: Na mimi nasubiri kuona. Mama nitamweleza mwenyewe asubuhi.

Dada Mkubwa: Kanipigia sasa hivi, naye hajalala. Kitambaa keshakikata, anataka kujua mtoto ni inchi ngapi kutoka begani hadi gotini.

Kitinda: Nampima sasa hivi, amelala.