Mjadala: Kila gari lifungwe mtambo wa kunasa hewa ukaa kwenye ekzozi?

Mpenda Kijani: Viwandani wananasa hewa ukaa kwa kemikali za amini miaka nenda rudi. Hataza yake ni ya 1930, na kituo cha umeme cha Boundary Dam, Kanada, kinafanya hivyo tangu 2014. Hata nyambizi husafishia hewa dawa hizohizo. Magari yanasubiri nini? Sheria itoke, kila ekzozi ifungwe. Na tafadhali, washika spana watuachie wenye kemia tuongee.

Mzee Gereji: Washika spana? Haya, mwenye kemia. Lita ya dizeli ikiungua inatoa hewa ukaa kilo 2.6 hivi, maana kaboni inaokota oksijeni hewani. Tangi la lita 50 ni kilo 130. Mafuta yenyewe hayafiki 45! Utaipakia wapi, kwenye buti pamoja na vyeti vyako?

Bi Hesabu: Fundi yuko sahihi, ila kaishia njiani. Kilo moja ya mmumunyo wa amini, ile ya asilimia 30 na iliyobaki maji, inashika gramu 100 hivi za hewa ukaa, tena ikijitahidi. Kwa kilo 130 unahitaji zaidi ya tani nzima ya dawa. Hilo si gari tena, ni bauza.

Mpenda Kijani: Dawa inachemshwa, inaachia hewa ukaa, inatumika tena, jamani! Nyuzi 120 tu, na joto la ekzozi linapotea bure. Halafu sijamtukana mtu. Washika spana ni kazi yao.

Kidevu: "Ni kazi yao." Wee, ungenyamaza tu.

Mzee Gereji: Mwacheni aendelee. Gari likimzimikia atalipigia hotuba.

Bi Hesabu: Joto lipo, karibu theluthi ya nishati ya mafuta inatokea ekzozi. Ila kuichemsha dawa kunakula kama megajuli 4 kwa kila kilo ya hewa ukaa. Kwa lita ya dizeli ni zaidi ya 10, katika 36 zilizomo. Na kompresa ya kuigandamiza hiyo hewa ukaa bado. Itazungushwa na nini kama si injini hiyohiyo?

Semi Usiku: Mnahesabu bure. Malori yana mfumo wa urea wa kupunguza sumu ya moshi, na wangapi wameuzima? Bosi anamwambia fundi "ua hicho kitu", kinauawa. Amini nayo itauawa.

Mzee Gereji: Usinitazame mimi. Anayeomba ni mwenye gari.

Semi Usiku: Na anayepokea pesa?

Mpenda Kijani: Turudi kwenye mada. Mimi nazungumzia meli na mitambo mikubwa, yenye nafasi.

Kidevu: Meli? Umeandika "kila ekzozi", bado inasomeka hapo juu.

Bi Hesabu: Kwenye meli nakuunga mkono, nafasi ipo. Ila moshi usafishwe kwanza. Salfa na oksijeni zinaichakaza amini, utakuwa unanunua dawa kila bandari.

Mzee Gereji: Semi, hujanijibu. Nani kasema mimi napokea pesa?

Semi Usiku: Sijataja jina la mtu. Mbona umeshtuka?

Mzee Gereji: Sijashtuka. Unazima urea, sensa zinalalamika, kesho unarudi kulia kwangu.