Naomba ushauri: kukamua maziwa ninaporudi kazini

Mama zangu na dada zangu, shikamooni. Ninaishi Moshi, mwanangu wa kwanza ana wiki 10, na likizo yangu ya uzazi ya siku 84 inakaribia kuisha, ilhali nimedhamiria kumpa maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6. Sheria inaniruhusu hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha, lakini kazini ni mbali na nyumbani, hivyo sina budi kukamua. Nikikamua kwa mkono ninapata kidogo mno, ingawa mama mkwe hunipikia mtori kila asubuhi (Mungu ambariki). Mliopitia hali hii, mlianza kukamua lini, na mlimzoeshaje mtoto kunywa kwa kikombe? Hatuna jokofu, na maziwa yaliyokamuliwa hayapaswi kukaa nje zaidi ya saa 4.