Mafundi wa alaimenti, acheni kuturudishia magari yenye usukani uliokaa saa saba!

Wakuu, salaam.

Hii tabia imetuchosha. Mtu anapeleka Toyota IST yake alaimenti, yaani kupanga matairi yaelekee sawa, analipa, anapewa karatasi ambayo vipimo vyote ni kijani, halafu akishika barabara iliyonyooka usukani umelala. Gari lenyewe linakwenda kama mshale, ila usukani uko saa saba. Akirudi anaambiwa "utazoea bosi". Azoee nini? Usukani wa gari linalonyooka unakaa saa sita kamili. Kutoka saa sita hadi saa saba ni digrii 30, na hata digrii 5 tu dereva anaziona kila anaposhika usukani.

Wala tusiisingizie mashine. Mashine inapima matairi, haiuoni usukani. Ndiyo maana kuna kile kifaa cha kuubana, chenye mguu unaokaa kwenye siti: unawasha injini, unachezesha usukani kushoto na kulia mara mbili tatu, unauweka saa sita, unaubana, ndipo unashika spana. Gereji nyingi kifaa kipo, kimening'inia ukutani na vumbi lake. Fundi anaingia chini, anazungusha tairodi, vile vyuma vinavyosukuma matairi ya mbele yakate kona, usukani unahama huko juu bila mtu kuutazama, kompyuta inakuwa kijani, "tayari bosi".

Halafu kuna yule anayezungusha tairodi ya upande mmoja tu, kwa sababu loknati (nati inayoibana tairodi isijizungushe) ya upande wa pili imeshika kutu na ana magari matatu kwenye foleni. Tou ya jumla, yaani jinsi matairi mawili ya mbele yanavyoelekeana ukiyatazama kutoka juu, inatoka sahihi kabisa. Lakini gari likianza kutembea matairi yanagawana hiyo tofauti nusu kwa nusu, na katika kugawana yanauburuta usukani upande mmoja.

Wanaostahili viboko ni wanaong'oa usukani na kuurudisha kwenye jino lingine la splaini, yaani meno ya shafti unapokalia usukani. Piga hesabu: shafti yenye meno 36, kila jino ni digrii 10. Usukani uliopinda digrii 4 kulia ukiurusha jino moja unapinda digrii 6 kushoto. Umefanya nini? Hapo tairodi bado hazilingani, raki (chuma chenye meno kinachosukuma tairodi kushoto na kulia) haiko katikati, gari linakata kona vizuri upande mmoja na upande mwingine linahitaji barabara nzima. Indiketa inajizima mapema au inagoma kujizima. Gari lenye sensa ya pembe ya usukani linaweza kuwasha taa ya VSC, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, kwenye dashibodi. Na ukiizungusha spairo kebo ya eabegi (waya uliojiviringisha nyuma ya usukani) ikiwa usukani haupo, ukairudisha bila kuiweka katikati, siku mteja anageuza gari kwenye maegesho inakatika: honi kimya, taa ya eabegi inawaka. Wengine wanang'oa hata bila kutoa waya hasi wa betri. Toyota wenyewe wanataka usubiri angalau sekunde 90 baada ya kuutoa, ndipo uguse eabegi.

Kujua kosa liko wapi hakuhitaji mashine. Ingia chini na rula, pima hesi za tairodi, yaani mistari ya skrubu, zinazoonekana nje ya loknati, kushoto na kulia. Kushoto ni milimita 20 na kulia ni 29? Tairodi zimechezewa, au kuna kitu kimepinda. Zinalingana lakini usukani umelala? Basi huenda usukani, au kros (kiungo) ya shafti inayoingia kwenye raki, ulirudishwa vibaya na fundi aliyetangulia. Thibitisha kwa kuhesabu mizunguko: zungusha mpaka mwisho wa kushoto, rudi mpaka mwisho wa kulia ukihesabu. Ikiwa 3, rudisha 1.5. Hapo raki iko katikati, na usukani unatakiwa uwe saa sita. Hii ndiyo hali pekee ambayo kuung'oa usukani kuna sababu, tena uwekwe alama ya rangi kabla.

Kama ni tairodi, kazi yenyewe haina uchawi. Kwanza upepo, kwa kibandiko cha mlango wa dereva. Kisha inua gari, shika tairi saa tatu na saa tisa, tikisa. Likicheza, angalia tairodi endi (kichwa cha nje cha tairodi) na rakendi (kipande cha ndani kinachoshika raki). Shika saa sita na saa kumi na mbili, likicheza ni boljointi (kiungo kinachoruhusu tairi likate kona) au beringi. Kupanga gari lenye mchezo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Baada ya hapo legeza loknati zote mbili, legeza na klipu ya buti, mpira unaoifunika raki, ili usijinyonge, zungusha rakendi. Usukani ukilala kulia, na tairodi ziko nyuma ya mstari wa ekseli kama kwenye magari mengi ya kuvuta mbele, refusha ya kushoto na ufupishe ya kulia kwa kiasi kilekile. Ukilala kushoto, geuza kinyume. Tairodi zikiwa mbele ya ekseli, kila kitu kinapinduka. Neno kubwa ni kilekile: robo raundi huku, robo raundi kule, la sivyo umeharibu tou na tairi litaliwa upande. Kwa hesi ya milimita 1.5 na mkono wa nako (unaopokea tairodi kwenye gurudumu) wa milimita 130 hivi, raundi nzima kila upande inahamisha usukani takriban digrii 10. Kwa hiyo robo ni digrii 2 na nusu. Kaza, tembea barabarani, rudi uongeze.

Nyongeza, kwa mliouliza kwenye maoni huko chini.

Usukani kulala si sawa na gari kuvuta. Ukiuachia likakimbilia kushoto, kumbuka tunaendesha kushoto na barabara zetu zimeinamia huko ili maji yatoke. Kidogo ni kawaida. Likizidi, badilishana matairi ya mbele kushoto na kulia, kama si yale yenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihama, tatizo ni tairi.

Mwenye gari lililogonga ukingo kwa nyuma: mbele unaweza kupanga mpaka kesho. Ekseli ya nyuma ikielekea upande, gari linatembea kama kaa na dereva anakata usukani ili linyooke. Pita taratibu kwenye mchanga mlaini, nyooka, shuka utazame: nyayo za nyuma zimehama upande mmoja kuliko za mbele. Anayepima matairi mawili tu hawezi kuliona hilo. Kwenye IST na wenzake wenye ekseli ya boriti hakuna nati ya kupanga nyuma; ni bushi (mpira wa kiungo), au boriti yenyewe, au spindo (shina linaloshika gurudumu) iliyopinda.

Na fundi uliyesema loknati zilizoshika kutu hazifunguki: safisha hesi kwa brashi ya waya, puliza dawa ya kutu, ngoja robo saa, tumia spana mbili, moja ishike tairodi endi na nyingine nati. Moto wa gesi usiusogeze karibu na buti ya raki wala mpira wa boljointi. Ikigoma kabisa, mwambie mteja anunue tairodi endi mpya kabla hujamchapishia karatasi ya kijani.